Mbio za Saa Moja za Kumkumbuka Jean Bouin: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Septemba kikundi chetu cha mazoezi kinakutana viwanja vya Maisara, hapa Mjini Unguja, baada ya sala ya alfajiri. Tunakimbia saa moja kamili, halafu tunakaa mkekani tunakunywa uji na kuzungumza. Tunamkumbuka mkimbiaji mmoja aliyekufa vitani akiwa na miaka 25. Maswali ni yale yale kila mwaka, barazani, kwenye simu, hata sokoni Darajani, ndiyo maana nimeona niyajibu hapa kwa kituo.

Huyo Jean Bouin ni nani?

Alizaliwa Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, tarehe 21 Desemba 1888. Alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu, na katika zama zake waliomweza duniani ni wa kuhesabika. Alishinda mbio za nyika za kimataifa mara tatu mfululizo, mwaka 1911, 1912 na 1913. Novemba 1911 alikimbia mita 10,000 kwa dakika 30 na sekunde 58.8, ikawa rekodi ya dunia.

Lakini mimi nikitaka kumjulisha mtu Bouin, huanza na Stockholm, Julai 1912, fainali ya mita 5,000 ya Michezo ya Olimpiki. Bouin na Hannes Kolehmainen wa Finland waliwaacha wenzao wote nyuma, wakabaki wawili peke yao, huyu akitangulia, yule akimpita, mzunguko baada ya mzunguko. Mzunguko wa mwisho Bouin alikuwa mbele. Mita chache kabla ya kumaliza Kolehmainen akamfikia, akampita. Kolehmainen dakika 14, sekunde 36.6. Bouin dakika 14, sekunde 36.7. Kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kurekodiwa chini ya dakika 15 kwa masafa hayo, na hawa wawili walizivunja pamoja.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kiasi gani? Kwa mwendo waliokuwa nao ni kama dhiraa moja. Weka mkono wako mezani, pima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ndiyo hiyo. Mita 5,000, na tofauti yao ni huo mkono.

Kwa hiyo alikuwa bingwa wa Olimpiki?

Hapana, na hili naomba tulishike vizuri. Alipata fedha. Mwaka wetu wa kwanza mimi mwenyewe niliandika ubaoni kwa chaki, kwa herufi kubwa, "bingwa wa Olimpiki". Mtoto mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono: "Mwalimu, si umetwambia alikuwa wa pili?" Nikafuta mbele ya watu. Bingwa alikuwa, wa mbio za nyika, na rekodi za dunia alikuwa nazo. Lakini mbio zake zilizo kubwa kuliko zote alishindwa, na alishindwa vizuri kuliko wengi walivyoshinda. Marehemu hahitaji kuongezewa kitu ambacho hakuwa nacho.

Alikufa vipi?

Ujerumani iliitangazia Ufaransa vita tarehe 3 Agosti 1914. Bouin aliingia jeshini pamoja na vijana wa rika lake, akawa katika kikosi cha 163 cha askari wa miguu. Aliuawa tarehe 29 Septemba 1914, mashariki mwa Ufaransa. Vita havikuwa vimetimiza hata miezi miwili.

Riwaya iliyoenea ni kwamba kombora lililomuua lilitoka kwenye mizinga ya Wafaransa wenyewe, lililenga adui likapungukia njiani. Kuna ndugu waliotushauri sehemu hii tuiache, kwamba inamvunjia heshima. Mimi sioni hivyo. Aliyekuwa pale mbele ni yeye, na aliyekwenda kuilinda nchi yake ni yeye. Kombora limetoka wapi hilo halimpunguzii kitu.

Halafu kuna yule aliyeshika nafasi ya tatu Stockholm, George Hutson wa Uingereza. Huyo aliuawa tarehe 14 Septemba 1914, naye huko huko Ufaransa. Yaani katika wale watatu waliovishwa medali siku ile, wawili walikufa katika mwezi mmoja, wamepishana siku 15. Aliyebaki ni Kolehmainen, ambaye mwaka 1920 alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kule Antwerp. Michezo ya mwaka 1916, iliyokuwa ifanyike Berlin, haikufanyika kabisa. Kila mwaka nikifika hapa katika simulizi mkeka mzima hunyamaza, hata wale wadogo wanaochezea vikombe vya uji.

Lakini ni Mfaransa. Sisi Wazanzibari anatuhusu nini?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza ana haki.

Simama Forodhani uangalie baharini. Kile kisiwa kirefu chembamba ni Chapwani, ambacho wengine wanakiita Kisiwa cha Makaburi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuja ikaipiga Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga hapa bandarini ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus ikazama. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa pale Chapwani, na makaburi yao yapo mpaka leo. Hesabu siku: kutoka tarehe 20 hadi tarehe 29 ni siku tisa. Vita vilivyomuua Bouin vilifika bandarini kwetu siku tisa kabla ya kumfikia yeye.

Na havikuishia bandarini. Walikuja wakachukuliwa wapagazi, bara na visiwani, kubeba risasi na chakula cha majeshi porini. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao hao wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa kwa risasi, waliuawa na njaa, kuhara na malaria. Kwa hiyo mtu akiniambia vita vile ni vya Wazungu, namuuliza mizigo yao ilibebwa na nani.

Bouin ni mlango tu. Habari zake zimeandikwa: tarehe ya kuzaliwa, saa zake za mbio, siku aliyouawa, kikosi chake. Mpagazi wa kwetu hana hata kimoja katika hivyo. Tunaanza na yule tunayemjua kwa sekunde, kisha tunawauliza watu wazima wetu juu ya wale tusiowajua hata majina.

Kwa nini saa moja, na si kilomita tano au kumi?

Kwa sababu ya tarehe 6 Julai 1913. Siku hiyo Bouin alirudi Stockholm, kwenye mji ule ule alioshindwa kwa dhiraa moja, akajaribu rekodi ya saa moja: unakimbia dakika 60, kisha inapimwa umefika wapi. Alikwenda mita 19,021.90. Rekodi ile ilikaa miaka 15, mpaka Paavo Nurmi wa Finland alipoivunja mwaka 1928, wakati Bouin mwenyewe amekwisha kuwa kaburini miaka 14.

Kwa wasiokimbia, mita elfu kumi na tisa ni kama kutoka Forodhani kwenda Bububu kwa miguu, kisha kurudi sehemu kubwa ya njia. Kwa wanaokimbia: ni kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 9, mara 19, bila kupumzika. Jaribu moja tu uone.

Ipo sababu ya pili, na hii ni yangu. Saa moja tunaijua hapa. Tarehe 27 Agosti 1896, mwendo wa saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani hapo hapo ufukweni, Seyyid Khalid bin Barghash akiwa ndani. Hata saa moja haikutimia vita vikawa vimekwisha, na watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar wameuawa au kujeruhiwa. Vitabu vinavitaja kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani, na wageni wakitembezwa Mji Mkongwe huelezwa hivyo, wakacheka. Mimi mkimbiaji wa mwisho akipita na jua limeanza kuchoma, hufikiri: katika muda mfupi kuliko huu, watu 500. Kwa hiyo saa moja kwangu si fupi.

Mnahesabu vipi mizunguko?

Kwa komwe, hizi hizi za kuchezea bao.

Mzunguko wetu ni wa mita 400. Tunaupima kwa kamba siku ya Jumamosi jioni na kuuwekea chokaa. Kila mkimbiaji ana mtu wake wa kumhesabia, aghalabu mtoto, anayekaa pembeni ya mstari na makopo mawili matupu ya maziwa. Kopo la kulia lina komwe 47. Mkimbiaji wako akipita, unatoa komwe moja unaitia katika kopo la kushoto. Mwanzoni ile sauti ya komwe kugonga bati huisikii, kuna makelele, watu wanashangilia. Ikifika dakika ya 40 ndiyo sauti pekee iliyobaki uwanjani, hiyo na pumzi.

Mizunguko 47 ni mita 18,800. Mita 222 zinazobaki kufika alipofika Bouin tumeziwekea kigingi chenye kitambaa chekundu. Kigingi hicho hakijafikiwa na mtu. Kijana wetu mwenye mbio kuliko wote, mvuvi, aliishia komwe 41, akakaa chini akaliangalia kopo lake la kulia, mle ndani zimebaki sita. Akasema, "Sita zote hizi?" Mpaka hapo sidhani kuna hotuba ingeweza kumweleza Bouin ni nani zaidi ya zile komwe sita.

Je, hii ni khitma? Inafaa kumfanyia mtu asiye Muislamu?

Si khitma, wala hatujawahi kuiita hivyo. Khitma ina watu wake, ina adabu zake, na hatuichezei. Hapa hapasomwi kitu kwa ajili ya Bouin. Tunakimbia na tunasimulia habari zake, kama unavyoweza kusimulia habari za jirani mwema aliyekuwa wa dini nyengine. Yapo mambo ya wafu tunayomwachia Mwenyezi Mungu, na yapo yaliyo katika uwezo wetu, na katika yaliyo katika uwezo wetu ni kumtaja mtu kwa alichokifanya.

Baadhi ya familia huwasomea wazee wao waliopotea vitani siku hiyo hiyo, nyumbani kwao au msikitini. Hilo ni lao. Sisi hatulitii katika ratiba.

Ufaransa nayo ilikuwa dola ya kikoloni. Hamwoni mnamtukuza askari wa wakoloni?

Swali zito, na nimelala nalo mara nyingi. Ni kweli, Ufaransa ile ilitawala watu wengi Afrika, na ikawachukua vijana wa Afrika Magharibi kwenda kufa katika mahandaki yale yale. Hatulifichi, tunalisema pale pale mkekani.

Lakini kijana wa Marseille ambaye nchi yake imevamiwa, akaenda mpakani kuilinda, simwoni tofauti na kijana wa kwetu aliyekwenda Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia ardhi yetu, waliokwenda walitoka bara na visiwani. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na kuna ambao hawakurudi, wamelala Kaboya, huko Muleba. Kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka. Katika wale pia walikuwamo wacheza mpira, wapiga mbio na waogeleaji wa mitaani, ambao hakuna aliyewapima kwa saa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alitwambia juu ya rafiki yake: "Akiruka mtaro wa barabara hii mpaka ng'ambo, na kanzu yake." Nami naliona hilo ni rekodi.

Alikuwa shujaa kwa sababu alikufa?

Kwangu, hapana. Kufa vitani kuliwafikia mamilioni, wengine hata hawakuwahi kunyanyua bunduki. Nachelea sana kumfanya Bouin awe mtu wa siku moja, tarehe 29 Septemba, kana kwamba ile miaka yote ya kuamka alfajiri na kukimbia ilikuwa njia tu ya kumpeleka kwenye kombora.

Tazama yaliyomo katika jina lake leo. Paris kuna uwanja unaoitwa Jean-Bouin, jirani na Parc des Princes, unachezwa raga. Barcelona, huko Hispania, nchi nyengine kabisa, kuna mbio za barabarani zenye jina lake tangu mwaka 1920. Watu wale walichagua kumkumbuka kwa kukimbia, na hapo ndipo sisi tulipopata wazo. Vijana nawaambia hivi: kama mnataka kumuenzi, msinionyeshe namna ya kufa. Nionyesheni mzunguko wa kumi mnaoukimbia sawasawa na wa kwanza.

Wanawake wanakimbia?

Ndiyo, na mwaka jana walikuwa wengi kuliko wanaume. Wanaanza kwa filimbi yao, robo saa kabla, kwa sababu wenyewe walitaka hivyo. Kila mmoja huvaa anachoridhika nacho, suruali ya mazoezi na mtandio ndiyo wengi. Mshonaji mmoja wa kikundini amewashonea mitandio ya kitambaa chepesi kisichotia joto, kaibana kwa mpira nyuma ya kichwa isiteleze.

Siwezi kukimbia saa nzima. Nisije?

Njoo. Tembea, kimbia, tembea tena. Tuna bibi mmoja ambaye huzunguka mara tisa kwa mwendo wake akiwa na kanga mbili, na komwe zake tisa anahesabiwa kwa haki kama za mwengine. Mwenye sukari, presha au maradhi ya moyo azungumze kwanza na daktari wake, na atwambie sisi kabla hatujapiga filimbi, si baada ya kuanguka. Septemba ni demani, upepo ni mwanana asubuhi, lakini jua likishatoka halina mzaha, kwa hiyo kunywa maji tangu usiku wa jana yake.

Kiingilio? Zawadi? Mvua ikinyesha?

Kiingilio hakuna. Zawadi hakuna, isipokuwa kopo lako la kushoto unakwenda nalo nyumbani pamoja na komwe zake. Mvua ikinyesha tunakimbia.

Hilo daftari la majina ni la nini?

Baada ya uji tunafungua daftari, daftari la kawaida la skuli lenye mistari, lililopigwa gamba la gazeti. Mtu yeyote mwenye ndugu aliyekwenda vitani asirudi huja akatuelezea, nasi tunaandika maneno yake kama alivyoyasema: vita vya kwanza, vya pili, Kagera, vyovyote. Hatumuulizi cheti.

Wengine wana jina kamili na mwaka. Wengi hawana. Ukurasa wa nne umeandikwa: "Mjomba wake bibi. Alikuwa mkwezi. Walimkuta juu ya mnazi wakamwambia shuka." Jina halipo, kwa sababu aliyelijua amekwisha kufariki. Nyengine inasema: "Babu yake baba, mrefu, akitania watu sana." Hakuna zaidi.

Na katika nyumba yetu pia yupo. Ndugu wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Bibi alikuwa akisema kwamba alikuwa na mbio, kwamba watoto wa mtaa wakigombana kuhusu nani mwepesi, yeye hakuwa akihesabiwa kwa sababu lilikuwa jambo linalojulikana. Niliandika hivyo hivyo. Mwaka ule nilikimbia kwa niaba yake, mwanangu akinihesabia. Nilipata komwe 29. Nilipomaliza nikamkuta mtoto amezipanga zote juu ya mkeka kwa safu, na pembeni ameweka moja peke yake. Nikamuuliza, "Hii vipi?" Akasema, "Hii ya babu. Yeye angepata moja zaidi."

Ukija, lete jina. Ukiwa huna jina, lete ulichosikia.